Nilimnyima Msusi Wangu Bakshishi kwa Heshima

Mpendwa Mama Hortense, naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Alhamisi Kuu, maana ikishapita hiyo sitakuwa na pa kupeleka kichwa changu, na kosa ni langu mwenyewe, ingawa wiki tatu nzima nimekuwa nikitafuta mtu mwingine wa kumtupia.

Mimi ni Odessa Tillery, na jina langu usilifiche, kwa sababu hapa mjini Macon hata ukiandika "mwanamke mmoja" watu watajua ni mimi. Nina miaka sitini na tisa, mume wangu alishatangulia, nimeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na ile sauti niliyokuwa nikiwanyamazishia watoto wa viti vya nyuma bado ninayo, na ndiyo iliyoniponza.

Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi saa tatu asubuhi, ninakaa kwenye kiti cha Charlaine Pettway, ananiosha, ananitia rola za kukunjia nywele, ananiweka chini ya draya ya kuzikausha, ananichana, nami nikiinuka namtilia noti iliyokunjwa mfukoni mwa aproni yake, yeye anatazama kioo na mimi natazama mkoba wangu, hakuna anayesema neno, na hivyo ndivyo tunavyofanya sote wa Alhamisi, wanawake saba wa nywele za rola, tangu wakati Charlaine alipokuwa akikodi kiti kimoja tu karibu na mlango, katika saluni ya mzee mmoja. Huyu mwanamke alinitengeneza nywele siku ya kumzika mume wangu, akaja nyumbani na draya yake ya mkononi kwa sababu sikuweza kutoka kitandani, kwa hiyo usifikiri nakuandikia habari ya mtu wa kupita njia.

Sasa Oktoba iliyopita yule mzee mwenye saluni akastaafu, na Charlaine akainunua, jengo, masinki, draya na jina mlangoni, na Mama Hortense, nililia machozi pale barabarani nilipoona fundi anapaka rangi jina lake. Mimi nimelelewa na sheria moja: mwenye saluni hapewi bakshishi. Bakshishi ni ya mfanyakazi, mwenye mali unamlipa bei yake na kumshika mkono. Mama yangu ndiye aliyenifundisha, naye alikuwa na sababu, kwa maana alipika miaka ishirini na minne nyumbani kwa watu, na yule bibi mwenye nyumba alikuwa akimwachia senti kwenye ukingo wa sinki, hamtazami, hamsemeshi, anaziacha tu na kuondoka, na mama akifika nyumbani anazimwaga mezani kisha anakwenda kunawa mikono. Alituambia, "Siku mtu wetu akiwa na mlango wake mwenyewe, msije mkamwachia senti pembeni. Mlipeni kama mnavyolipa benki."

Basi Alhamisi ile ya kwanza, Charlaine aliponifungua kitambaa shingoni, nikasimama katikati ya saluni, draya zote zinanguruma, nikapaza sauti: "Jamani, nisikilizeni! Kuanzia leo Charlaine si mtu wa kutiliwa noti mfukoni! Huyu ni mwenye saluni! Atakayempa bakshishi anamtukana!" Wote wakapiga makofi. Charlaine akacheka, akasema, "Haya, Bi Odessa, asante," akaendelea kukunja taulo. Mimi nikatoka pale kifua mbele, nikijiona nimemvisha taji, na sitakuficha kitu, ile noti iliyobaki kwenye mkoba nikaipeleka moja kwa moja kwa muuza samaki, nikanunua sahani ya kambare wa kukaanga, na Alhamisi iliyofuata tena, na iliyofuata tena, mpaka yule muuza samaki akawa akiniona kwa mbali anabandika karai la mafuta jikoni.

Nadhani unaona ninakoelekea. Kufika Januari Charlaine alikuwa ameacha kunipigia soga. Zamani mikono yake ikiwa kichwani mwangu mdomo wake haufungi, atakuambia nani kaolewa, nani kaachwa, nani kavaa wigi kanisani na likapinda wakati wa wimbo, lakini sasa anachana kimya, anauliza tu, "Maji si ya moto sana?" na basi. Mimi nikasema ni uchovu. Kisha wiki tatu zilizopita nikakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo: BAADA YA PASAKA, ALHAMISI HAKUNA NYWELE ZA ROLA. NI KUSUKA TU, KWA MIADI.

Nikampigia simu siku ile ile. "Charlaine, unatufukuza?"

"Siwafukuzi, Bi Odessa. Ni biashara."

"Biashara gani? Miaka kumi na tisa!"

"Mama, nina kichwa cha mtu kwenye sinki. Tutaongea siku nyingine." Hiyo siku nyingine bado haijafika.

Nikaenda kulia shida yangu kwa Bi Izola Crump, ambaye ndiye mkubwa wetu wa Alhamisi, ana miaka themanini na minane, mjukuu wake humshusha pale saluni asubuhi na kumchukua mchana, na hana matembezi mengine wiki nzima ukiondoa kanisa, nywele zake zikishakauka anabaki pale pale kubishana na watu. Nikadhani atalia na mimi. Badala yake akaniuliza:

"Wewe Odessa, unajua wanawake wa Jumamosi wanalipa kiasi gani kwa kazi hii hii?"

"Nitajuaje?"

"Zaidi ya mara mbili yetu. Charlaine hajatupandishia sisi bei tangu mumeo yu hai. Alisema vikongwe wake hawagusi. Ile noti ya mfukoni ndiyo iliyokuwa inaishikilia Alhamisi. Wewe ukaja ukaipiga marufuku kwa kipaza sauti."

"Sasa kwa nini hukuniambia, Bi Izola?"

"Nikuambie wewe? Nani aliwahi kukuambia kitu ukasikia? Halafu na mimi nilikuwa napata nafuu, bibi wee, pensheni yenyewe hii. Unakumbuka nilivyopiga makofi? Niliwashinda wote."

Mama Hortense, sijalala vizuri tangu hapo. Nikianza tena kumtilia noti mfukoni, ninamrudisha kwenye ukingo wa sinki, ninamuudhi mama yangu kaburini, na Charlaine ataona namwonea huruma. Nisipompa, ni mimi niliyewafukuza wanawake saba na kumpoteza mtu aliyekuja kitandani kwangu siku ya msiba. Nimefikiria kumtumia bahasha kwa posta bila jina. Nimefikiria keki. Nimefikiria hata msusi mwingine, nikaingia saluni moja ya vijana, wakaniuliza kama nimejiandikisha kwenye simu, nikageuka nikatoka. Na kwa kuwa nimeshasema mengi, niseme na hili: kinachonizuia si mama yangu peke yake. Itabidi niseme nilikosea, mbele ya watu walionipigia makofi, na mimi sijawahi kufanya hivyo. Muulize yeyote.

Odessa Tillery, Macon

MAMA HORTENSE ANAJIBU

Odessa, Odessa. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikitafuta kiatu cha kukurushia. Miezi mitano unakula kambare wa msusi wako halafu unaniambia ni heshima! Heshima gani hiyo inayokaangwa na kuliwa na saladi ya kabichi?

Lakini nakupenda kwa sababu umesema ukweli mwishoni, na wengi wanaoniandikia hawafiki huko. Kwa hiyo kaa chini nikuambie.

Kwanza, hiyo sheria yako. Naijua, hata mimi nilifundishwa. Ilitungwa zama ambapo mwenye saluni alikaa mbele na kitabu cha miadi, kucha zimepakwa rangi, wanawake wengine wakiosha vichwa nyuma. Huyo hakuhitaji bakshishi, maana hakulowana. Charlaine wako bado anasimama. Bado anaingiza vidole kwenye povu la kichwa chako. Jina lake kuwa mlangoni halijampunguzia kazi hata ya rola moja, limemwongezea bili ya kutengeneza paa. Bakshishi haimfuati mfanyakazi wala mwenye mali, inaifuata mikono iliyokuhudumia. Na hili nawaambia wasomaji wangu wote mnaouliza kila mwezi: ndiyo, msusi hupewa, awe amekodi kiti au amenunua jengo zima. Ukiwa huna, mwambie huna, mshukuru kwa jina lake, fika kwa wakati, na usiahirishe miadi dakika za mwisho. Lakini usijifanye huna wakati kambare anakungoja.

Pili, mama yako. Hapa nasema taratibu, kwa sababu nimeguswa. Mama yangu naye alifulia watu. Jiulize, Odessa, mama yako alikwenda kunawa mikono kwa sababu ya senti, au kwa sababu ya yule bibi asiyemtazama? Aliponunua viatu vyenu vya shule, si zilikuwa hela hizo hizo? Alichochukia ni kuachiwa, si kupewa. Na wewe, miaka kumi na tisa, ulikuwa ukimtilia Charlaine noti huku unatazama mkoba. Wote saba mnatazama pembeni! Mkaiita adabu. Mimi nakuambia mama yako angekuwepo hapo angekukanyaga mguu, akakuambia, mtazame mwenzio usoni.

Sasa fanya hivi, na ufanye vyote.

Bahasha ya posta, marufuku. Keki, marufuku, maana utampa mtu kazi ya kuosha sahani yako na kukurudishia. Ulitangaza mbele ya watu, utatangua mbele ya watu, pale pale, na kwa sauti ile ile ya basi. Usilie. Ukianza kulia atalazimika kuacha kazi akubembeleze, na utakuwa umemwibia tena nusu saa. Sema ulikosea. Neno ni hilo hilo, "nilikosea", halijaua mtu bado. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokimbia, mwambie apandishe bei ya Alhamisi, wewe uwe wa kwanza kuilipa, na bakshishi uiweke juu yake. Noti ya mfukoni isiwe ndiyo inayobeba Alhamisi yenu kwa siri, mtu mmoja mwenye mdomo akaiangusha tena. Bi Izola mwenye pensheni ndogo, wewe Odessa utamjazia pengo lake, kimya kimya, mpaka hesabu ya kambare iishe.

Na akikataa? Akisema hapana, amechoka nanyi, basi mpe yote anayostahili siku hiyo, mshike mkono, utoke bila kununa. Ni haki yake. Alhamisi ni yake, saluni ni yake, na wewe ndiwe uliyewatangazia watu hivyo.

Nenda. Na uvae viatu vya chini, usije ukateleza kwenye maji katikati ya hotuba.

BARUA ILIYOFIKA JUMANNE BAADA YA PASAKA

Mama Hortense, nimefanya! Keti nikueleze, maana mwenyewe bado siamini.

Alhamisi Kuu saluni ilijaa hadi mlangoni, si sisi saba tu, na wa kusuka walikuwapo, na wengine wamesimama wakingoja nafasi, nikasema moyoni, Bwana, hukuweza kuwapunguza kidogo? Nikaoshwa kimya, nikatiwa rola kimya, na Charlaine alipotaka kunipeleka kwenye draya nikasema, "Hapana, ngoja," nikasimama katikati, kichwa kizima rola, kitambaa shingoni, nikapaza sauti mpaka Bi Izola akainua draya yake mwenyewe.

Nikasema: "Mwezi wa kumi nilisimama hapa nikawaambia anayempa Charlaine bakshishi anamtukana. Nilikosea. Niliyemtukana ni mimi. Anatuosha vichwa kwa bei ya zamani, mimi nikamfunga mfuko, halafu nikaenda kula samaki. Charlaine, pandisha bei ya Alhamisi. Nitalipa mimi kwanza."

Charlaine ameshika kitana, hanitazami. Mara, "Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza, Bi Odessa, nina watu."

"Nakuomba usitufunge. Lakini ukitufunga, sitanuna."

Bi Izola akadakia kutoka kwenye draya, "Mimi nitanuna! Na bei isipande sana!" Watu wakaangua kicheko, mwanamke mmoja wa kusuka, simjui hata jina, akapiga kelele, "Bibi, mimi nakulipia leo!" na Bi Izola akamjibu, "Leo tu?" na hapo Charlaine akashindwa, akacheka, akacheka mpaka akaegemea sinki, halafu nikaona machozi, na mimi, kama ulivyoniamuru, sikulia, nilibana meno mpaka taya zikauma.

Akafuta macho kwa kiwiko. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini draya zilikuwa zimeinuliwa zote na kila mtu alisikia: "Ile siku mlipiga makofi, nilifurahi kweli. Nilikwenda nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Kisha wiki ikaisha, na wiki nyingine, nikaona aibu kutaka. Nikajiambia, Charlaine, mwenye saluni anatakaje noti ya mfukoni? Bora nifunge siku kuliko kuomba. Sasa nisikilizeni. Bei inapanda, na kila mmoja nitamwambia yake sikioni. Na bakshishi nitapokea. Lakini mfukoni basi. Nipeni mkononi, mkinitazama. Mimi ndiye mwenye saluni hii, na hiyo ni hela niliyoifanyia kazi."

Akanyoosha mkono, Mama Hortense. Mkono wenyewe umelowa, vidole vimejikunja kwa maji. Nikafungua mkoba nikiwa na rola kichwani, nikaiweka noti pale, nikamtazama. Miaka kumi na tisa namwona kwenye kioo tu, sikuwa najua kwamba jicho lake moja ni la hudhurungi zaidi ya jingine. Nyuma yangu wakaanza kujipanga foleni, na wengine nywele zao zilikuwa bado hata hazijaguswa.

Ile karatasi aliibandua mwenyewe. Mimi akaniketisha chini ya draya kwa kunisukuma bega, akaanza kunisimulia habari ya kwaya nzima bila kupumua, na nusu yake siwezi kuiandika gazetini.

Jumapili nikaenda kanisani. Kwetu Pasaka bila kofia haijawahi kuonekana, mwanamke wa umri wangu ataazima kofia kabla hajaazima unga. Nimefika mlangoni, mke wa mchungaji akaniangalia juu na chini akashtuka. "Dada Odessa! Kofia yako iko wapi?"

"Iko nyumbani ndani ya boksi," nikamwambia, nikapita katikati ya kanisa mpaka benchi la mbele, taratibu, watu wote wakitazama. "Leo wanaona kazi ya Charlaine."